Nimeendesha miaka 14 Tanzania, thiori ya Uingereza imenipiga chini mara mbili. Naombeni msaada

KashataZaTairi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mihangaiko.

Nipo Leicester, mwezi wa tisa sasa, kazi ya kea, yaani kutunza wazee, ya kuzunguka majumbani. Asubuhi wazee watano, jioni sita, na kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni gari. Bila gari hii kazi huna.

Naendesha kwa leseni yangu ya Bongo. Hapa wanakuruhusu miezi 12 tu tangu uhamie. Zimbabwe na Afrika Kusini leseni zao zinabadilishwa wanapewa ya hapa, sisi Watanzania na Wakenya hapana, tunaanza upya: lena (leseni ya mwanafunzi), halafu thiori (mtihani wa kompyuta, maswali na video), halafu mtihani wa barabarani. Miezi 12 ikiisha hujafaulu vyote, wewe na mtoto wa miaka 17 mko sawa. Unabandika L ya mwanafunzi kwenye gari na unakaa na mtu mwenye leseni pembeni. Sasa nani atakwenda nami kazini kukaa pembeni saa kumi na mbili asubuhi?

Thiori nimefanya mara mbili. Ya kwanza maswali nilipata 41 kati ya 50, wanataka 43. Ya pili nikapata 46, moyoni nikasema yameisha, kumbe zile video za kutambua hatari barabarani nimepata 38 kati ya 75 na wanataka 44. Ukianguka kimoja unarudia vyote, na £23 nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ni dereva. Nimeendesha Fuso, nimeendesha Costa, Dar–Songea usiku na mvua, mlima Kitonga nimeshuka sijui mara ngapi. Sijawahi kuua hata kuku. Halafu mtoto wa jirani kasoma wiki mbili, kafaulu mara ya kwanza.

Nakosea wapi? Natanguliza shukrani.

---

Mtoto_wa_Kawe

"Sijawahi kuua hata kuku" 😂😂 Kuku wa Mikumi wamesoma hapa wamenyamaza tu.

---

mama_wawili_MK

Pole kaka. Hiyo miaka 14 ndiyo inayokuangusha, na nakwambia kwa sababu mimi iliniangusha miaka 9. Swali linauliza kitabu kinasemaje, wewe unajibu ulichofanya Kitonga ukapona.

Yale uliyokosa mara ya kwanza unayakumbuka hata mawili matatu? Weka hapa.

---

KashataZaTairi

Dada, wanakupa karatasi ya mada ulizokosa, maswali yenyewe hawakupi. Ila moja siwezi kulisahau maana nilibishana nalo mpaka nyumbani. Dereva anayekuja mbele yako amekuwashia taa kubwa, maana yake nini? Nikachagua anakupisha. Kosa.

Jingine kuhusu honi usiku. Na mengine mawili ya vivuko, vile vina majina ya ndege. Pelikani, pafini, tukani. Mimi zebra najua zebra.

---

MzeeWaKiplefti

Nimeendesha basi hapa London mwaka wa kumi na tisa. Ngoja nikae vizuri.

Kwetu taa kubwa zina kamusi nzima. Lori linalokuja likikuwashia mara mbili, trafiki wako mbele, punguza mwendo. Wa nyuma akikuwashia, sogea nina haraka. Kwenye daraja jembamba akikuwashia, pita wewe, au napita mimi, mtajuana hapo hapo darajani. Kitabu chao cha sheria za barabarani, Highway Code, kina maana moja tu: mwenzako anakujulisha kwamba yupo. Basi. Na kimeandika waziwazi kwamba usichukulie taa ni ruhusa ya kupita. Kwa hiyo kwenye mtihani, taa zikiwashwa, jibu ni "anakujulisha yupo". Hata kama roho inakataa.

Honi vilevile. Kwetu honi ni salamu, ni shukrani, ni kumwamsha konda. Hapa ni kujulisha kwamba upo, na kwenye maeneo ya makazi haipigwi kuanzia saa tano na nusu usiku mpaka saa moja asubuhi. Hata mchana huruhusiwi kuipiga gari likiwa limesimama, ila kama gari jingine linataka kukugonga.

Dabo, yaani indiketa zote kwa pamoja: Bongo ukitaka kunyoosha njia panda unawasha dabo, kila mtu anaelewa. Hapa hakuna aelewaye. Dabo ni ya gari lililosimama likaziba njia kwa muda, au ukiwa motawei (barabara kuu za mwendo kasi) unawaonya wa nyuma kwa sekunde chache kwamba mbele kuna kizuizi. Na ile ya lori kuwasha indiketa ya kulia kukwambia usipite, kushoto kukwambia pita, isahau kabisa. Indiketa hapa inasema gari linakwenda wapi.

Vivuko nenda navyo hivi. Zebra ina mistari na zile taa za njano za mviringo kama mpira, haina taa za kusimamisha magari. Pelikani ina taa, na baada ya nyekundu inakuja njano inayopepesa: kama bado kuna mtu kivukoni unampisha, kama hakuna unaondoka. Pafini haina hiyo ya kupepesa, ina vihisi vinavyoona kama mtu bado anavuka. Tukani wanavuka wenye miguu na wenye baiskeli pamoja. Kuna na kimoja cha farasi, kinaitwa pegasasi. Usicheke, farasi wanaulizwa: unapita kwa chini ya maili 10 kwa saa, na unawaachia nafasi ya mita 2.

Halafu taa zao: nyekundu, kisha nyekundu na njano kwa pamoja, ndiyo kijani. Hiyo nyekundu na njano bado ni SIMAMA. Pale Ubungo tungekuwa tumeshafika Kimara.

---

KashataZaTairi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Mimi hiyo nyekundu na njano nilijibu "jiandae uondoke taratibu".

---

MzeeWaKiplefti

Marahaba. Na ukiwa kazini unaondoka taratibu, sivyo?

---

KashataZaTairi

Mzee hapo tuachane.

---

Makanga_Mstaafu

Ndugu yangu salamu kutoka Reading. Mimi nilikuwa Thika Road, matatu, miaka saba. Mtihani wa kwanza nilikwama kwa umbali wa kusimamisha gari. Unaulizwa ukiwa maili 50 kwa saa gari litasimama baada ya mita ngapi, na majibu yote manne yanafanana. Mimi nilizoea kukanyaga breki nikiona bampa ya mwenzangu.

Kuna mwalimu alinionyesha njia moja, sikukosa tena. Chukua mwendo, uzidishe kwa namba inayopanda nusu nusu. 20 mara 2. 30 mara 2.5. 40 mara 3. 50 mara 3.5. 60 mara 4. 70 mara 4.5. Unapata futi: 40, 75, 120, 175, 240, 315. Gawa kwa 3.3 upate mita, kwa kukadiria: 12, 23, 36, 53, 73, 96. Ndizo zilizo kwenye kitabu hasa.

Barabara ikilowa zidisha mara mbili. Kukiwa na barafu inafika mara kumi. Na kati yako na gari la mbele ni sekunde 2 pakiwa pakavu, 4 kukiwa na mvua. Unachagua nguzo, wa mbele akiipita unaanza kuhesabu.

Tairi: kashata, yale meno ya tairi, kina chake kisipungue milimita 1.6. Wewe na jina lako hilo ukikosa hapo ni aibu.

---

Jamaa_Fupi

Mnajitesa bure. Kuna watu wanakaa kwenye mtihani badala yako, unalipa tu. Nitafute inbox.

---

mama_wawili_MK

Wewe wa inbox, toka. Hiyo ni jinai na watu wamefungwa hapa nchini kwa hilo, na kosa ni la wote, aliyekaa na aliyelipa. Mtu yupo kwa visa ya kazi ana watoto wawili unamwambia nini? Modereta futeni.

---

BiMwana_Mkunazini

Kaka Kashata, mie nimefaulu mara ya nne nikiwa na miaka 52, kwa hiyo usinione hivi.

Tatizo langu lilikuwa lugha. Kiingereza cha kazini nakijua, nampa mzee dawa zake na chai yake tunaelewana. Cha mtihani ni kingine. Wala hakuna mkalimani, walisitisha Aprili 2014, pamoja na zile sauti za lugha za kigeni. Kwa Uingereza yenyewe na Skochi na Welsi umebaki Kiingereza, na Kiwelsi. Ila unaweza kuomba sauti ya Kiingereza, unavaa hedfoni unasomewa swali. Mie ilinisaidia sana, nikisikia naelewa kuliko nikisoma. Na kama una shida ya kusoma yenye uthibitisho unaongezewa muda. Omba unapoweka nafasi, siku yenyewe haisaidii.

Nilichukua daftari la skuli la mjukuu wangu, kila neno nisilolijua naliandika na maana yake kwa Kiswahili. "Tailgating" nikaandika: kumng'ang'ania mwenzio nyuma. "Contraflow": njia ya kupishana upande mmoja wanapotengeneza wa pili. "Aquaplaning", nilidhani ni ndege ya majini, wallahi. Kumbe tairi kuelea juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi kama hauna kitu. Dawa yake unaachia mafuta taratibu, hukanyagi breki kwa ghafla.

Jengine. Kwenye kitabu chao kuna neno la "lazima" na kuna neno la "inafaa". La kwanza ni sheria, ukivunja ni kosa. La pili ni nasaha. Maswali mengi yanacheza hapo hapo. Nilipolijua hilo nilipanda kutoka 39 mpaka 45 bila kusoma kitu kipya.

---

KashataZaTairi

Ahsante sana mama. Daftari naanza leo.

Sasa video. Huko ndiko sielewi kabisa. Niliziona hatari ZOTE. Nakwambieni zote, mapema kabisa. Halafu 38.

---

mama_wawili_MK

Umelijibu mwenyewe. "Mapema kabisa."

Ngoja nieleze maana hapa ndipo madereva wa kwetu wengi wanapodondokea. Video ni 14, kila moja kama dakika. Hatari zinazohesabiwa ni 15, kwa hiyo video moja ina mbili na hawakwambii ni ipi. Hatari inayohesabiwa ni ile inayoanza kutokea, ambayo ingekufanya upunguze mwendo au ukwepe. Kitu kilichopo tu, kimetulia, hakina alama. Ikianza kutokea, kompyuta inafungua dirisha, yaani ule muda wa kupata alama. Ukibofya mwanzoni mwa dirisha unapata 5, unavyochelewa 4, 3, 2, 1, mwisho 0. Na ukibofya KABLA dirisha halijafunguka, bofyo hilo halihesabiwi.

Mfano mmoja wa zile za mazoezi. Barabara ya makazi, magari yameegeshwa kushoto. Mbele kule kuna gari la rangi ya fedha, taa za nyuma zinawaka. Wewe wa Dar–Songea umeshaona: mwenye gari yumo ndani, anataka kutoka. Unabofya. Umeona sawa, ila gari bado limesimama, dirisha limefungwa. Zinapita sekunde tatu. Indiketa ya kulia inawaka, tairi la mbele linaanza kukata. HAPO ndipo dirisha linafunguka, na wewe umekaa umekunja mikono unasema hii nilishaiona zamani. Sifuri. Mtoto wa jirani yako hakuona taa za nyuma. Kaona tairi linakata, kashtuka, kabofya. Tano.

Kwa hiyo bofya unaposhuku. Bofya tena kitu kinapoanza kutembea. Kama huna uhakika bofya mara moja zaidi. Basi. Kila ukibofya kibendera chekundu kinatokea chini ya skrini, hakikwambii umepata au umekosa, kinakwambia tu umesikika. Huhitaji kuelekeza mshale kwenye hatari, bofya popote.

Ila usije ukabofya kama mtu anayetwanga kisamvu. Ukibofya mfululizo au kwa mapigo sawasawa, programu inahesabu unadanganya na video hiyo unapata sifuri, inakuandikia kabisa mwishoni. Dada mmoja tuliyekuwa naye darasani ilimkuta video tatu.

Nunua programu rasmi ya simu ya hao hao wanaotunga mtihani, ina video za mazoezi. Rudia ileile mara nne uangalie dirisha linafunguka wapi hasa. Mimi niliposhika hapo nilitoka 40 nikaenda 61.

---

MzeeWaKiplefti

Amesema yote. Nyongeza yangu haina gharama ya programu: panda basi la ghorofa, kaa juu mbele kabisa, na utaje kimoyomoyo. "Yule na mbwa, bado. Bado. Ameshuka kwenye ukingo, SASA." Nimewaona abiria wa kwetu wakifanya hivyo nikajua huyu ana thiori Jumanne.

---

NusuMkate

Samahanini kuingilia uzi. Mimi nipo mwezi wa 14, bado naendesha na leseni ya Kenya. Boss anajua, anasema hakuna shida. Ipo?

---

Makanga_Mstaafu

Ipo kubwa. Ukipita miezi 12 bima haikulindi. Kuendesha bila bima ni pointi 6 hadi 8 za adhabu kwenye leseni, na gari linaweza kuchukuliwa na polisi hapo hapo. Na leseni mpya ukifika pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza inafutwa, unarudi lena na mitihani yote. Yaani unaweza kuipoteza leseni ambayo hujaipata. Huyo boss akisema hakuna shida mwambie akuandikie.

---

NusuMkate

Nimemwomba aandike. Amesema tutaongea Jumatatu.

---

Mtoto_wa_Kawe

Hiyo Jumatatu haifiki.

---

BiMwana_Mkunazini

Kaka, ukiweka nafasi tena uingie GOV.UK, tovuti ya serikali, mwenyewe kwa kuandika. Mara ya pili mie nilitafuta mtandaoni nikaingia wa kwanza niliouona, una rangi zilezile na taji, wakanitoza karibu maradufu "kwa huduma". Bei ni £23, haina huduma. Na baada ya kufeli lazima zipite siku 3 za kazi kamili kabla hujarudi.

---

KashataZaTairi (wiki tano baadaye)

Wakuu nimerudi.

48 kati ya 50. Video 57 kati ya 75.

Niliamka saa kumi. Kufika pale unaonyesha lena, simu na saa unafungia kabatini, unageuza mifuko nje kama unakaguliwa mpakani Namanga. Dakika 57 za maswali, nilimaliza kwa 31 halafu nikarudi kukagua yale niliyoyawekea alama. Kabla ya video wanakupa mapumziko ya dakika 3, nilikaa hapo hapo nikamwona mama_wawili akiniambia "tairi linakata". Video ya sita gari la fedha likatokea kweli!! Si lile la mazoezi, jingine, lakini taa za nyuma zinawaka vilevile. Nikabofya. Nikangoja. Indiketa. Nikabofya. Nikasikia hata jasho.

Swali la taa kubwa lilikuja. Mzee nilicheka peke yangu chumbani, msimamizi akanitazama. La mita 73 lilikuja. Kashata hazikuja.

Cheti kinadumu miaka miwili, lakini miezi yangu 12 imebaki kama wiki nane na foleni ya mtihani wa barabarani mnaijua. Nimepata tarehe moja tu, iko siku sita KABLA ya mwisho, mji wa mbali. Nimeichukua.

Sasa sikilizeni. Natoka pale na gari, kibarabara chembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili. Basi linakuja mbele, linasimama, dereva ananiwashia taa mara moja. Miaka 14, mguu unainuka wenyewe. Nikakumbuka uzi huu. "Anakujulisha yupo." Nikabaki. Na yeye akabaki. Akawasha tena. Nikabaki. Akainua mikono yote miwili juu ya usukani. Nyuma yangu mtu akapiga honi, naye amesimama, kwa hiyo kisheria kosa ni lake, ila ningemwambia nini?

---

MzeeWaKiplefti

Hongera sana mwanangu. Dereva wa basi alikuwa anakupisha.

---

KashataZaTairi

Najua mzee. Nilipita. Ila nilimwangalia kwanza tairi kama halikati.